Kopo la sarafu liandikwe kabla ya kuchambuliwa

Sarafu kongwe na za kigeni huuzwa Mji Mkongwe kwa njia mbili, na zote mbili zinatutia hasara. Njia ya kwanza ni ya rejareja. Mwenye duka la vitu vya kale, mtaa wa Gizenga au Hurumzi, hununua kopo zima kutoka kwenye nyumba inayogawa mirathi au inayohama, akalimwaga mezani, akachagua zinazong'aa, zenye tundu, zenye maandishi ya Kiarabu na zenye picha ya tembo, akazipanga kwenye sinia mlangoni zingoje mgeni. Njia ya pili ni ya jumla: zilizobaki, nyeusi na zilizolika, huishia kwenye gunia la vyuma chakavu, zikapimwa kwa kilo pamoja na vipande vya bomba na waya wa shaba. Baina ya sinia na gunia hakuna anayeandika chochote. Haulizwi mtu kopo limetoka mtaa gani, lilikuwa la nani, wala ndani yake zilikuwamo sarafu za aina ngapi kabla ya mkono wa kwanza kuingia. Watu wakilalamika, hulalamikia ile sarafu moja nzuri iliyouzwa rahisi. Mimi naona hasara kubwa iko kwingine. Kilichokuwa na thamani kuliko vyote ni ule mchanganyiko, yaani ukweli kwamba sarafu hizi ziliwahi kukaa pamoja, na huo ukishavunjwa haurudi kwa bei yoyote. Kwa hiyo nashauri jambo dogo lakini la lazima: kopo la sarafu mchanganyiko liandikwe lote kwanza, lilikotoka na vilivyomo, ndipo mwenyewe achague, auze, agawe au atupe.

Pendekezo hili lina uzito Unguja kuliko kwingi kwengine, kwa sababu hapa sarafu ya kigeni kwa muda mrefu ndiyo iliyokuwa fedha yetu. Sayyid Said bin Sultan alipojenga kasri lake Mtoni, kaskazini ya mji, na kuuhamishia utawala wake huku kutoka Maskat, hakuleta sarafu yenye jina lake. Forodha aliyoikodisha kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji ilihesabiwa kwa reale, na reale hizo zilitoka ng'ambo. Moja ilikuwa ya Austria, yenye sura ya Malkia Maria Theresa na mwaka 1780. Nyengine ilikuwa ya Hispania, na nguzo zake mbili watu wa pwani waliziona kuwa mizinga, ikaitwa reale ya mzinga. Mkataba na Marekani wa 1833 ulifungua njia kwa marikebu za Salem, ambazo zilileta nguo ya merikani, na baadaye dhahabu ya Marekani nayo ikaingia sokoni. Chenji ya kununulia muhogo na samaki ilikuwa pesa za shaba kutoka Bara Hindi, na kadiri karne ya 19 ilivyosonga, rupia ya Kihindi ikawa ndiyo inayotawala. Ni Sayyid Barghash aliyetoa sarafu kwa jina lake, mwaka 1299 wa Hijria, yaani baina ya mwisho wa 1881 na mwisho wa 1882: riyali za dhahabu na za fedha ambazo hazikuwa nyingi, na pesa za shaba zenye picha ya mizani ambazo zilienea mno. Sultan Ali bin Hamud akafuata na senti za 1908 zenye picha ya mti, adimu sana leo. Mwaka 1936 Unguja ikaingia kwenye shilingi ya Afrika Mashariki, na 1966 ikaja shilingi ya Tanzania. Ng'ambo ya mkondo, Wajerumani walikuwa na pesa za kampuni yao tangu 1890, heller tangu 1904, na zile sarafu za dharura walizozipiga Tabora mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana. Mtu aliyezaliwa Mtoni mwaka 1900 akaishi miaka sabini alishika rupia na pesa utotoni, shilingi ya mfalme wa Kiingereza utu uzimani, na shilingi yenye mwenge uzeeni. Kopo lake, kama lipo bado juu ya kabati la wajukuu, ni daftari la uchumi wa kisiwa hiki ambalo hakuna karani aliyeliandika.

Anayetilia shaka kwamba mkusanyiko una maneno kuliko sarafu moja moja na atazame Pemba. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, wachimbaji wa athari waliokuwa na Mark Horton walifukua sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 na pamoja nazo dinari chache za dhahabu. Zile za fedha zilipigwa huku huku pwani na kuandikwa majina ya watawala wenyeji, mmojawapo Ali bin al-Hasan, lakini hazikuandikwa mwaka. Peke yake, kila moja ingekuwa jina lisilo na wakati. Dhahabu ndiyo iliyolifungua fumbo: dinari za kigeni, zikiwamo za Fatimiya wa Misri, zilikuwa na miaka, na ya karibuni zaidi ilikuwa ya 1066. Kwa kuwa zilizikwa pamoja, watawala wale wakapata karne yao, ya kumi na moja. Wataalamu waliokuwa wakimweka Ali bin al-Hasan karibu na mwaka 1200 ikawabidi warudi nyuma zaidi ya miaka mia, na historia ya Kilwa na Washirazi ikasogea pamoja naye. Sasa fikiria kama hazina ile ingepatikana na mtu mwenye haraka. Dhahabu ingekwenda kwa sonara siku hiyo hiyo, kwa kuwa dhahabu haihitaji maelezo, na zile chembe za fedha zingegawanywa watoto wachezee au ziyeyushwe kwa bangili. Hakuna sarafu hata moja ambayo ingepungua uzito kwa kutenganishwa, na bado tungepoteza karne nzima.

Mfano wa upande wa pili uko mbali sana, nao ni wa sarafu zetu wenyewe zilizokwenda ugenini. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa mchangani katika Visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi yake. Nne zilikuwa za Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya Hindi. Tano zilikuwa za shaba, na zilikaa koponi hadi 1979 zilipopelekwa kwa wenye ujuzi, wakazitambua kuwa za Kilwa. Habari hiyo ilizaa makala, safari za uchunguzi na nadharia za kila rangi: waliofika ni mabaharia wa Kiswahili, au Wareno, au wavuvi wa Makassar, au Waholanzi wenye mkoba wa chenji za bandari nyingi. Ingawa Isenberg alitia alama mahali hapo kwenye ramani, hakuna aliyeweza kuthibitisha kama sarafu zile tisa ziliachwa na mkono mmoja au zilitupwa na bahari katika zama mbalimbali, kwa sababu zilitolewa mchangani bila mahali pake kuchunguzwa. Sarafu ni za kweli, lakini ushahidi umekwisha. Na kwetu Unguja tunayo ya Kajengwa, upande wa Makunduchi, zilipofukuliwa mwaka 1945 sarafu za Kichina zaidi ya mia moja, nyingi za zama za nasaba ya Song. Sarafu moja ya Kichina yenye tundu la mraba, ikiwa sokoni Darajani, haithibitishi kitu, maana inaweza kuwa imeangushwa na baharia wa juzi. Mia moja mahali pamoja ni habari nyengine kabisa, na mwanahistoria wa biashara ya Bahari ya Hindi hawezi kuipita.

Kanuni hiyo haiishii kwenye hazina za kale. Chukua ile reale ya Maria Theresa ambayo kila mgeni huambiwa ni ya 1780. Karibu kila moja imeandikwa 1780, kwa kuwa baada ya malkia kufariki mwaka huo ziliendelea kupigwa kwa tarehe ile ile, Vienna na kwengineko, zikiwamo Roma, London na Bombay, na Vienna inazipiga hadi leo. Ukubwa ni ule ule, gramu 28 na ushei, na kiwango cha fedha ni kile kile, sehemu 833 kwa elfu. Wafanyabiashara wa zamani walikagua herufi S.F. chini ya sura na lulu za kwenye bizimu ya malkia ili wajue wanapokea nini, na bado jicho lisilozoea haliwezi kutenganisha ya 1850 na ya 1950. Kinachoweza kusaidia ni majirani zake. Ikitoka kwenye mfuko mmoja na pesa za Barghash na rupia za Malkia Victoria, na mfuko wenyewe unajulikana ulikaa nyumba gani, kuna sababu ya maana ya kuamini kwamba ilikuwa Unguja karne ya 19. Ikiwa peke yake kwenye sinia, muuzaji anauza madini na hadithi, na hadithi hiyo hana njia ya kuisimamia.

Kazi ya kuchambua si ngumu kama watu wanavyodhani, ila ina mpangilio wake. Kwanza kopo lote hupigwa picha likiwa limemwagwa, kabla ya kuguswa, na pembeni iwekwe karatasi yenye tarehe, mtaa na jina la aliyelimiliki kwa kadiri inavyokumbukwa. Kisha zihesabiwe zote. Ndipo sumaku ipitishwe juu yake: sarafu nyingi za siku hizi ni chuma kilichopakwa madini mengine, ikiwamo shilingi mia tano yetu ya 2014 na senti ndogo za euro, nazo hurukia sumaku, wakati fedha halisi hubaki ilipo. Zilizobaki zitengwe kwa maandishi, na hapa watoto wetu wana faida ambayo mchambuzi wa Ulaya hana. Aliyepita chuoni akajua herufi na tarakimu za Kiarabu atazisoma za Oman, za Emirati, za Saudia, za Misri na za Barghash bila kuuliza mtu, na hatababaika akiona 1299 au 1304 badala ya miaka ya Miladia. Za Ulaya zina mtego mwengine, kwa kuwa baadhi ya nchi hujiita majina tusiyoyajua: Helvetia ni Uswisi, Suomi ni Ufini, Magyar ni Hungaria. Mwisho ni mizani ya sonara, inayopima hadi sehemu ya gramu. Shilingi ya Afrika Mashariki hadi 1946 ina robo ya fedha, za tangu 1948 hazina kabisa. Rupia ya Kihindi hadi mwishoni mwa miaka ya 1930 ni gramu 11.66, na zaidi ya sehemu tisa kwa kumi ni fedha. Yeyote anayezichanganya na nikeli anatoa zawadi kwa mnunuzi.

Liko jambo moja la kulikataa kwa nguvu, nalo ni kusugua. Desturi yetu ya kung'arisha shaba kwa ukwaju au ndimu na majivu inafaa kwa sinia na mabirika. Kwa sarafu ni maangamizi. Ile rangi ya kahawia au kijani iliyoifunika pesa ya Barghash kwa zaidi ya miaka mia na arubaini ni ngozi yake, mkusanyaji hulipia ngozi hiyo, na ikishachubuliwa bei huanguka papo hapo. Muuzaji anayekesha usiku akiipaka ndimu ili imvutie mgeni amejipunguzia mwenyewe.

Hadi hapa nimesema ya zamani. Lakini makopo yanayojaa kwa kasi zaidi Unguja leo si ya mababu. Ni ya wahudumu wa hoteli, wapishi, wabeba mizigo, waongozaji wa ziara za viungo na mapapasi kutoka Nungwi hadi Jambiani, wanaopokea bakshishi kwa sarafu za Ulaya na Marekani. Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya laki saba mwaka 2024, na wengi wao hufika na vichele vya nchi zao mifukoni. Maduka ya kubadilishia fedha hayapokei sarafu za kigeni, hupokea noti tu, na benki vilevile. Kanuni zilizoanza Machi 2025 zimekataza bidhaa na huduma za ndani kulipwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo hata kule kuisukuma euro dukani kwa mlango wa nyuma kumezibwa. Mhudumu anabaki na kopo zito lisilonunua hata chapati. Anasubiri mgeni mwema ambadilishie, au anamuuzia mjanja kwa bei ya kutupa, bila kutenganisha. Hapo ndipo kutokuchambua kunapogeuka kuwa unyonge wa moja kwa moja, na hesabu yake ni rahisi. Sarafu ya euro mbili ina gramu 8.5, kwa hiyo kilo moja ni sarafu 117, sawa na euro 234. Senti moja ya euro ina gramu 2.3, na kilo yake nzima haifiki euro tano. Mtu anayenunua kilo isiyochambuliwa kwa bei ya senti akakuta zote ni euro mbili amepata zaidi ya mara hamsini. Robo dola ya Marekani ni gramu 5.67, kilo yake ni dola 44. Anayeuza vyote hivi kwa kipimo kimoja amekwisha kudhulumiwa kabla ya mizani kutulia.

Kuna pia suala la uhai wa sarafu, ambalo kwenye kopo lisilochambuliwa halionekani. Mark ya Kijerumani ilikufa sokoni zamani, lakini benki kuu ya Ujerumani bado inaibadilisha, noti na sarafu, bila kikomo cha muda, kwa 1.95583 kwa euro moja. Lira ya Italia, nchi iliyotuletea watalii wengi tangu miaka ya 1990, ilifungiwa mlango Desemba 2011. Sarafu za franc ya Ufaransa zilifungiwa mapema zaidi, mwaka 2005. Pauni ya Uingereza ya mviringo iliondolewa madukani Oktoba 2017 ikaachiwa nafasi ile yenye pembe kumi na mbili. Iko pia kuna, fedha ya Croatia, nchi iliyoingia kwenye euro Januari 2023 na kuzipa sarafu zake hizo hadi mwisho wa 2025 tu. Makopo ya Unguja yaliyokuwa na kuna hadi siku hiyo sasa yana chuma. Hakuna aliyewaambia wenye makopo, kwa kuwa hakuna aliyejua kilichomo.

Pingamizi la kwanza, na ndilo lililo karibu na mdomo wa kila mtu, ni kwamba sarafu nyingi hazina thamani na kazi hii ni kupoteza muda. Nakubali nusu ya kwanza. Katika kopo la kawaida, nyingi ni za thamani ndogo, na anayetarajia utajiri humo afadhali akalime. Lakini ni kuchambua ndiko kunakotuonesha zipi hazina thamani. Kabla ya hapo ni dhana, na dhana hiyo daima inamfaidi anayenunua kuliko anayeuza. Tena kuandika hakuhitaji kila sarafu iwe ghali. Senti kumi ya Afrika Mashariki yenye tundu na pembe mbili za ndovu ni rahisi kila mahali, ila makopo hamsini ya Mtoni, Bububu, Ng'ambo na Makunduchi, yakiorodheshwa, yanaweza kutuonesha ni wapi rupia iliendelea kuwekwa akiba baada ya 1936, na heller za Wajerumani zilifika vijiji gani. Maswali hayo hayajibiwi na nyaraka za serikali ya kikoloni, ambayo ilijua ilichotoa na haikujua watu walichokificha.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: watu wanaogopa. Wanaamini wakionesha kopo serikali italichukua, basi bora liuzwe kimya kimya. Hofu hii haiondolewi kwa hotuba. Lazima itenganishwe hadharani kati ya mali ya urithi iliyokaa nyumbani, ambayo ni ya mwenyewe na anaweza kuiuza, na kitu kilichofukuliwa ardhini kwenye magofu, ambacho ni cha nchi. Anayekwenda na jembe kwenye kuta za kasri la Mtoni au misikiti iliyobomoka ya Unguja Ukuu anaharibu ushahidi hata kama hakupata kitu, na hapo sheria iwe kali. Lakini anayelima shamba lake akakuta mtungi wa sarafu anahitaji sababu ya kusema. Uingereza ilikabiliwa na tatizo hili, na sheria yake ya hazina ya 1996 ikaweka malipo kwa aliyeona na mwenye ardhi, kwa bei ya soko, endapo makumbusho itakitwaa kitu hicho. Matokeo yake ni kwamba watu huripoti. Sisi hatuna mifuko ya Waingereza, lakini malipo ya haki, hata ya kiasi, ni nafuu kuliko kukosa Mtambwe nyengine.

Wengine watasema makumbusho zetu zina matatizo makubwa kuliko vichele. Beit al-Ajaib ilianguka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020 na kuua watu wawili, na kazi ya kuirejesha ni ya gharama kubwa. Mimi nalisoma tukio lile kinyume. Jengo linaweza kuanguka, kitu kinaweza kuibiwa au kuhamishwa, na kinachobaki kutuambia tulikuwa na nini ni orodha. Orodha ya sarafu ni karatasi, sumaku, mizani na simu yenye kamera, na wanafunzi wa SUZA wanaosoma historia wangepata humo mafunzo ya kweli kuliko kunakili kurasa za vitabu. Wenye maduka nao wasione hii ni vita dhidi yao. Sarafu yenye maandishi ya ilikotoka huuzika ghali zaidi kuliko yatima, na mnunuzi makini wa nje siku hizi huuliza hati kabla ya bei.

Kuhusu bakshishi, Benki Kuu kupitia tawi lake la Zanzibar ndiyo yenye ufunguo. Watu wakianza kubadilishana sarafu kiholela wataingia kwenye biashara ya fedha bila leseni, na sipendekezi hivyo. Napendekeza maduka machache yenye leseni yaruhusiwe, au yahimizwe, kupokea sarafu za euro, pauni na dola zilizokwisha kutengwa, kwa punguzo linalotangazwa ukutani. Watasema ni mzigo kusafirisha. Kilo kumi za euro mbili ni euro 2,340, nazo zinaingia kwenye mkoba wa mkononi, kwa hiyo punguzo la haki linalipa usafiri na faida juu yake. Hoteli nazo zinaweza kuwaambia wageni, kwenye karatasi ile ile ya kuwakaribisha, kwamba noti ya shilingi inamfaa mhudumu kuliko kiganja cha senti za Ulaya. Wapo watakaotaka masanduku ya sadaka uwanja wa ndege, kama mpango wa UNICEF unaokusanya chenji za wasafiri kwenye ndege tangu 1987. Ni jambo jema kwa chenji iliyobaki mfukoni mwa mgeni. Chenji iliyokwisha kuwa mshahara wa mhudumu isigeuzwe sadaka na mtu mwengine.

Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale inaweza kuanza bila bajeti mpya: meza moja Beit el Amani, siku moja kwa wiki, mtu aje na kopo lake, liandikwe mbele yake, apewe nakala ya orodha, aondoke nalo. Na hadi meza hiyo iwekwe, nawaomba walio na makopo majumbani wasiyauze kwa kilo wala kuyasugua. Wayamwage, wayapige picha, waandike nyuma ya picha ni ya nani na yalitoka wapi, na waulize wazee wa nyumba ile wangali hai wa kuwajibu.